Mwambie Apande, Asishuke

Kibirizi, Kigoma
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Simu yako ya juzi ilinikuta mkono mmoja kwenye mizani, mwingine kwenye kiroba cha dagaa cha mteja wa Kasulu aliyekuwa akibishana nami juu ya nusu kilo. Ndiyo maana nilikujibu mkato mkato mpaka ukaniuliza kama nimenuna. Sikununa. Niliogopa, na jambo la kumwogopea mtoto wa watu halisemeki huku wachukuzi wanakupigia kelele "pisha, pisha". Shemeji anapanda treni Jumanne, atakufikishia barua hii pamoja na kifurushi.

Nirudie ulichosema, nione kama nilisikia sawa. Mpwao ana kilo 63 akiwa nyumbani anakula ugali wake. Mapambano yake yote kapigana kwenye kilo 61. Sasa promota ana mkanda wa uzito wa unyoya, bondia mmoja kaumia, zimebaki wiki tatu, na kijana anatakiwa aingie pengo hilo akiwa na kilo 57. Kocha kamtuliza: mabingwa wakubwa wote hubadilisha uzito, mtazame Pacquiao, kachukua ubingwa wa dunia kwenye madaraja manane ya uzito. Nawe unaniuliza mimi, mzee wa kukesha kwenye vibanda vya video, ni kweli au si kweli.

Ni kweli kabisa. Manane, na hajatokea mwingine aliyefika hapo. Ila kocha huyo kaishika ngazi kwa juu. Pacquiao aliipanda.

Anza na mwanzo wake. Januari 1995 Manny Pacquiao aliingia ngumi za kulipwa huko kwao Ufilipino akiwa na miaka 16, na uzito ulioandikwa ni pauni 106, yaani kilo 48. Hata hizo alizipata kwa hila; mwenyewe amesimulia kwamba alitia vitu vizito mifukoni ili mizani imkubali. Wewe na mimi tulikuwa tunavua mpaka chupi ili mizani itukubali, mwenzetu anajaza mifuko! Alikuwa kijana aliyekulia kwenye njaa na mwili ulikuwa bado haujakua. Hilo watu wanalisahau wanapostaajabia madaraja manane: alipoanza hakuwa mtu mzima mwembamba, alikuwa mtoto.

Desemba 1998 akiwa bado hajafikisha miaka 20 akamfuata Chatchai Sasakul kwao Thailand, akamwangusha raundi ya nane na kubeba mkanda wa WBC, moja ya mashirika ya ngumi za dunia, wa uzito wa fulai, ambao mwisho wake ni pauni 112, karibu kilo 51. Sasa fikiria mtoto wa miaka 19 aliyepata hela, anayekula vizuri kwa mara ya kwanza, ambaye mifupa bado inarefuka, halafu anatakiwa abaki kilo 51. Septemba 1999 akarudi Thailand kuutetea mkanda mbele ya Medgoen Singsurat. Kwenye mizani akazidi pauni moja. Pauni moja, swahiba, haifiki hata nusu kilo, ni kama chupa ndogo ya maji. Mkanda ukaondoka pale pale kabla hajavaa glovu. Kesho yake akapanda ulingoni mwili mkavu, raundi ya tatu likaingia konde la tumbo, akakaa chini na hakuinuka kwa wakati.

Hili ndilo pambano ninalotaka mpwao alitafute alitazame. Ya Las Vegas ayaache kwanza. Singsurat alimalizia tu, mizani ilikuwa imeshampiga.

Na mimi unanijua, sisemi haya kwa kusoma. Unakumbuka ile safari ya Tabora? Nilikuwa na kilo 61, timu ilikuwa na nafasi ya 57, na mwalimu wetu (simtaji, marehemu hasemwi) akasema nitashuka tu, mimi bado kijana. Nilikimbia na koti la mvua saa saba mchana kutoka Mwanga mpaka huku Kibirizi, siku sita mfululizo. Siku ya safari sikunywa kitu. Treni ilipofika Nguruka ukanunua kuku wa kuchoma, ukamla mbele yangu, tena ukaniomba nikushikie chumvi! Mimi natafuna ganda la limau natemea kwenye kopo ili mate nayo yapungue. Asubuhi Tabora mkanishikia khanga nikapanda juu ya mizani uchi wa mnyama. Mshale ukasimama kwenye 57 kamili, mkanishangilia kama nimeshinda.

Ngumi zetu za ridhaa mnapima asubuhi mnapigana siku hiyo hiyo. Nilikunywa soda tatu na nusu jagi la maji, tumbo likawa ngoma, lakini mdomo bado ulikuwa umekauka. Raundi ya kwanza nilikwenda. Ya pili miguu ikawa si yangu. Yule kijana wa Urambo hakuwa na konde zito, wewe mwenyewe ulisema, lakini kila aliponigusa kichwani niliona taa. Nilimwona refa akiwa wawili, nikamsikiliza yule asiyekuwepo. Usiku ule pale gesti ulikaa kitako mpaka alfajiri unaniuliza jina langu kila nikisinzia. Mkojo ulitoka rangi ya chai ya rangi. Hatukumwambia mama, na mpaka leo hajui.

Baadaye daktari mmoja, mteja wangu wa dagaa, ndiye aliyenielewesha. Kinachoondoka wiki ya mwisho si mafuta, ni maji, na ubongo wenyewe unakaa ndani ya maji yanayoukinga ukitikiswa. Ukijikausha, figo zinaumia, damu inakuwa nzito, na kichwa kinapokea konde bila kinga yake ya kawaida. Wa ngumi za kulipwa hupima siku moja kabla, kwa hiyo wana saa ishirini na kitu za kunywa na kula. Mizani inarudi haraka. Mwili hauwahi kurudi wote. Mimi naona jambo hilo hilo kila siku hapa mwaloni: dagaa akishakauka, ukimnyunyizia maji atapata kilo zake (wapo wanaofanya hivyo, na nawajua), lakini mshike mkononi uone kama ni yule aliyetoka ziwani.

Baada ya Thailand, Pacquiao alifanyaje? Hakurudi kujikausha. Aliruka madaraja mawili yaliyofuata, akatua kwenye supa bantamu, pauni 122, kilo 55. Pauni kumi juu. Juni 2001 akiwa Marekani akaitwa zikiwa zimebaki wiki mbili tu, aingie badala ya bondia aliyejitoa, apigane na bingwa wa shirika jingine, IBF, Lehlo Ledwaba wa Afrika Kusini. Akamsimamisha raundi ya sita. Kwa hiyo mwambie kocha kwamba hata kuingia pengo la mwenzio kwa taarifa fupi si kosa. Yeye aliliingia akiwa ameshiba.

Humo ndimo alimokutana na kocha Freddie Roach kule Hollywood, na mzee yule akamtengeneza. Pacquiao ni mashoto, na mwanzoni alikuwa na mkono mmoja tu, ule wa kushoto. Kulia kulikuwa kwa kushikia kamba. Ukiangalia mapambano ya 2001 na ya 2009 utadhani ni watu wawili. Alivyopanda hakubeba nyama tu, alibeba silaha mpya kila daraja. Marco Antonio Barrera akapigwa 2003, uzito wa unyoya. Machi 2008 Juan Manuel Marquez kwa pointi za kugombaniwa, Juni mwaka huo huo David Diaz kwenye pauni 135. Watu wa takwimu watakuambia baadhi ya hayo madaraja manane yanahesabiwa kwa ubingwa wa jarida la The Ring na si kwa mkanda wa shirika. Wana haki yao. Mimi siwezi kugombana na mtu kwa ajili ya kipande cha ngozi.

Lakini pambano linalojibu swali lako ni la Desemba 2008, lile la Oscar De La Hoya. Tulilitazama pamoja kwenye kile kibanda cha Ujiji, umeme ukakatika mara mbili. Watu wote walisema Mfilipino atauawa. De La Hoya alikuwa mrefu, bingwa wa Olimpiki 1992, kachukua ubingwa kwenye madaraja sita mpaka uzito wa kati. Wakakubaliana pauni 147. Pacquiao akapanda kutoka 135, akapima 142, hana haja hata ya kufika kikomo. De La Hoya akashuka kwenda uzito ambao hakuugusa kwa miaka saba, na kwa woga wa mizani akapitiliza, akapima 145. Wewe ulikuwa wa kwanza kuona mashavu yake. Ulisema, "Huyu mtu anaumwa." Raundi nane mkubwa alikuwa anapigwa na mdogo kama mtoto anayefundishwa, na kabla ya ya tisa hakuinuka kwenye stuli. Mmoja alikuwa amepanda, mwingine ameshuka, hesabu ikaishia hapo.

Kama kocha atasema huo ni mfano mmoja, mpe wa Roy Jones. Machi 2003 alipanda mpaka uzito wa juu akamshinda John Ruiz kwa pointi, jambo la ajabu kwa mtu aliyeanza ubingwa wake uzito wa kati. Kisha akarudi chini kwenye pauni 175. Pambano la kwanza na Antonio Tarver alishinda kwa taabu, la pili Mei 2004 akalala raundi ya pili. Kupanda alipanda akicheka. Aliyoyapoteza kwenye kushuka hakuyapata tena.

Sitaki kukudanganya kwamba kupanda ni bure. Pacquiao na watu wake walikuwa wajanja wa mikataba: Miguel Cotto walimshusha mpaka 145 ingawa mkanda ulikuwa wa 147, na Antonio Margarito, Novemba 2010 pale Texas, wakamfunga kwenye 150 ingawa daraja lenyewe la supa welta linafika 154. Na bado Margarito alipopata usiku mmoja wa kula aliingia ulingoni kama ng'ombe mbele ya mbuzi. Mbuzi alishinda kwa miguu. Raundi za mwisho uso wa Margarito ulikuwa umefumba jicho, mfupa wa jicho umevunjika, na Pacquiao anageuka kumtazama refa kama anayemwomba amalize. Hilo ndilo daraja la nane. Lakini naye alitoka na mbavu zinauma, na hakurudi tena daraja hilo. Alijua ngazi imeishia wapi. Miaka miwili baadaye Marquez, ambaye naye alikuwa amepanda, akamlaza kifudifudi raundi ya sita. Ngazi haina mwenyewe.

Ila tazama alivyodumu kwenye ile 147, uzito ambao mwili wake uliumudu bila kujikausha: 2019 akiwa na miaka 40 akamwangusha Keith Thurman raundi ya kwanza na kumshinda kwa pointi. Julai 2025, miaka 46, akatoka sare na Mario Barrios. Nitajie aliyezoea kujikausha akafika umri huo na ulimi wake ukiwa mwepesi.

Sasa mpwao. Kwa maoni yangu pale alipo, 61, tayari anajibana. Kilo mbili anazitoa kila pambano na bado anakua, ulisema mwenyewe viatu vya mwaka jana havimwingii. Uzito wake unaofuata ni 63 na nusu. Bondia wetu Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham Septemba 2018 akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, na hakuna aliyemuuliza kabla ya hapo alipitia madaraja mangapi. Mkanda huu wa wiki tatu ukiondoka utakuja mwingine. Na promota akikasirika, akasirike. Hatakuja kukaa naye gesti mpaka alfajiri.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hajanywa chai, mpime. Mpime tena siku saba mfululizo, wakati ule ule, uandike, uniletee hizo namba. Usimwambie ni za nini, maana ataanza kuruka chakula. Na kocha nipe simu yake, nitazungumza naye kwa adabu, kama mtu aliyewahi kuona marefa wawili.

Huku mwezi mkubwa, wavuvi wamelala, dagaa bei juu. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini kumaliza ule ugomvi wa bao na mzee wa Katonga. Kwenye kifurushi kuna chupa ya mawese na dagaa kilo tatu kavu, nimepima mwenyewe mbele ya shemeji. Zikifika pungufu, muulize shemeji kuanzia Nguruka alikuwa anatafuna nini.

Ni mimi,
Mtu wa Mizani