Mwanangu, kabla hujaanza ukijumbe

Mwanangu Zuhura,

Umeniambia wenzako wa sokoni wamekuteua uwe kijumbe, mkusanyaji wa pesa za mchezo wao wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, watu 12, shilingi 5,000 kila Jumapili. Nimefurahi, na wasiwasi pia ninao, ndiyo maana nakuandikia kabla hamjapanga zamu.

Piga hesabu kwanza. Kila Jumapili mmoja anaondoka na 60,000. Wa kwanza anakuwa ametoa 5,000 tu; zile 55,000 ni deni, ingawa hakuna anayeliita hivyo. Wa mwisho amewakopesha wenzake wiki 11 kabla hajashika chochote. Kwa hiyo usikubali zamu zote zipigiwe kura. Namba moja ikimwangukia mtu ambaye hamjawahi kupeana naye hata mia, mchezo umeshaanza vibaya. Wageni wakae mkiani, mnaojuana mpige kura za zamu za mbele. Mgeni akimaliza mzunguko bila kusukumwa, mzunguko wa pili mpandishe katikati. Mwema akikopesha kila siku bila yeye kuaminiwa, atajiondokea.

Wageni wakizidi nusu, anzeni na 1,000. Akikimbia wa kwanza, mmepoteza 11,000, inauma lakini inavumilika. Kisha 2,000, kisha 5,000. Msiruke, maana mwenye nia ya kudhulumu hulipa vizuri sana penye kidogo. Mgeni anayehimiza kiwango kipande upesi, au anayeomba kubadilishiwa zamu wiki ya pili tu, mwende naye polepole.

Kwenye daftari weka jina, tarehe, kiasi, na safu moja zaidi: alileta mwenyewe au alifuatwa? Safu hiyo ndiyo itakayokujulisha watu. Aliyekwama akakupigia simu tangu Ijumaa ni wa kushikamana naye kuliko yule asiyekosa hata wiki moja lakini mpaka umfuate mara tatu. Tazama zaidi zile wiki tatu za kwanza baada ya mtu kupokea. Kabla ya kupokea kila mtu ni mlipaji. Kuchelewa mara moja samehe, kuna homa na kuna misiba. Mara mbili mfululizo, nenda kwake siku hiyohiyo na wanachama wawili, mzungumze kwa heshima.

Mwanangu, usimfidie mtu kimyakimya kutoka mfukoni mwako. Hapa nakusihi. Wenzako wakiona 60,000 zimetimia wataendelea kumwamini, na mchezo ujao watampa zamu ya mbele. Utakuwa umewaficha jambo walilostahili kulijua.

Pesa ya simu, angalia salio, si ujumbe. Ujumbe hughushiwa.

Ikifika wiki ya tisa, tangaza mzunguko ujao na useme zamu zitapangwa kwa daftari. Waliokwisha kupokea, wakiona mbele hakuna kitu, ile 5,000 huwawia nzito mkononi. Anayejua atahama soko apokee mwisho, hata akiwa shoga yako.

Kuhusu zamu yako, vijumbe wengi hujipa namba moja kama malipo ya kazi. Safari hii usiichukue. Wao nao hawajakujua bado kwenye pesa. Chukua ya saba, na daftari liache mezani kila Jumapili, asomaye asome.

Mama yako