Weiqi si drafti

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu akili mnemba yalisema kompyuta ilimfunga bingwa wa Korea katika "drafti ya Kichina". Nilicheka, halafu nikaudhika kidogo.

Mchezo ule ni weiqi. Wajapani huuita go, Wakorea baduk. Na drafti wala si nduguze. Kwenye drafti kete hutembea, huruka na kula. Jiwe la weiqi likishatua halisogei tena, labda lizingirwe pande zote liondolewe. Ubao una mistari 19 kwa 19, huanza mtupu, na mawe hukaa kwenye makutano 361 ya mistari, si ndani ya visanduku. Mkitaka mfano wa kwetu, afadhali bao likiwa bado kwenye namua, kete zinaingia mojamoja kutoka mkononi.

Mimi nilifundishwa bwenini Guangzhou na mwanafunzi mwenzangu, tena kwa ubao mdogo wa 9 kwa 9, na bado akanifunga wiki nzima. Alibana jiwe kati ya kidole cha shahada na cha kati, akalitua: ta! Nafasi zilizo wazi kando ya jiwe Wachina huziita qi, yaani pumzi. Likibakiwa na pumzi moja tu, Wajapani husema atari. Sikio la Mswahili husikia hatari, na ndiyo hiyo hiyo.

Kilichoniudhi zaidi ni kuandika kana kwamba umaarufu wa weiqi ulianza mwaka 2016, kompyuta ilipomfunga bingwa huyo. Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, kinautaja mchezo huu katika habari za mwaka 548 KK: mwenye kusitasita na jiwe mkononi hamfungi mwenzake. Japani, tangu karne ya 17, watawala walizilipa posho koo nne za wachezaji. Miaka ya 1980 Mchina Nie Weiping aliwafunga Wajapani 11 mfululizo katika mashindano ya China na Japani, mara nyingine akivuta oksijeni kwa sababu ya moyo. Mwaka 1989 Mkorea Cho Hunhyun akatwaa Kombe la Ing, shindano la kimataifa la mchezo huu, na Wakorea wakapagawa na baduk. Lee Sedol, huyo mliyemwandika, alikuwa mtoto wakati huo.

Ni kweli alifungwa na AlphaGo, hiyo programu ya kompyuta, michezo 4 kwa 1 mjini Seoul. Ila huo mmoja alioshinda hamkuutaja! Ulikuwa wa nne, na jiwe alilotua katika hatua ya 78 ya mchezo liliivuruga mashine kabisa. Baada ya hapo hata sisi tusio na mpinzani mtaani tukaanza kupata wapinzani kwenye simu, usiku wa manane.

Basi safari nyingine andikeni weiqi, au go. Mwandishi wenu akitaka kuuona, aje barazani kwangu alasiri yoyote. Ubao upo. Mawe mawili meupe yamepotea, tumeweka komwe za bao.

Msomaji wenu,
Unguja