Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mfuko wa Wahitimu, Tanga

Ndugu wanachama, salaam kwenu nyote.

Semina ya kidato cha sita, usafi wa ufukwe wa Raskazone na futari ya Ramadhani vilifanyika kama kawaida. Mlikuwepo, sitavirudia.

Nizungumzie ule uamuzi uliotugawa. Kamati ilimteua mhitimu wa sayansi ya samaki, binti wa Pangani, akajitolee Kigoma miezi 10 kwa akinamama wakausha dagaa. Wapo waliosema fedha za Tanga zimepelekwa ziwani, ilhali mcheza kwao hutuzwa. Wengine wakazusha kwamba ni jamaa yangu. Hana undugu nami wala na mjumbe yeyote wa kamati. Aliongoza kwa alama kati ya waombaji 7, na karatasi zote anazo katibu, anayetaka azione.

Katiba yetu inataka mhitimu asafiri na ahudumu. Kumtoa Pangani kumleta Chumbageni, hapa mjini Tanga, si safari. Marekani upo ufadhili wa Thomas J. Watson, ulioanza 1968: mhitimu hukaa nje ya nchi mwaka mzima, na kurudi nyumbani katikati haruhusiwi. Na hapa kwetu Mkinga, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Maramba hupokea vijana wa mikoa mingine. Mbona hao hatujawahi kuwauliza kwa nini hawakubaki kwao?

Huko Kigoma binti anafanya kazi na wanaoanika dagaa kwenye chanja za juu badala ya mchangani. Hewa inapita chini, dagaa wanakauka upesi na hawashiki mchanga. Mwenye kuanika chini Sahare au Kigombe anajua mvua moja ya vuli inavyomtia hasara. Ujuzi huo ndio tuliomtuma. Nauli yake ya kwenda niliitoa mfukoni mwangu, kwa kuwa watia saini wawili hawakuonekana benki, na sijaidai hadi leo.

Mkutano wa Juni niliuitisha mahususi ili tulijadili jambo hili. Walikuja 11 kati ya wanachama 64, akidi haikutimia. Wanaolalamika sana leo hawakuwemo. Inaniuma.

Fedha: salio la mwaka jana sh. 2,140,000, ada 1,650,000, michango ya hiari 1,950,000, jumla 5,740,000. Posho ya binti 3,000,000, bima na nauli ya kurudi 410,000, mikutano na shajala 285,000. Limebaki 2,045,000. Waliolipa ada kamili ya 60,000 ni 23, nusu ni 9, na 32 hawajatoa hata senti. Madeni hayo ni 2,190,000, yanalizidi salio lenyewe! Kwa fedha hizo tungekuwa tumeshamwandaa mhitimu mwingine.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatamani kupeleka wawili, pengine mmoja kusini, na tutaendelea kubisha hodi kwa wafadhili. Mhazini yupo mezani pale mlangoni hadi saa kumi. Anapokea taslimu na kwa simu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti