Gongo la softiboli lisimzidi mtoto nguvu

Ndugu Mhariri,

Wazazi wengi humnunulia binti gongo kubwa (la kupigia, si la kunywa) ili "akue nalo", kama sare ya shule. Kwenye softiboli ya mpira wa kasi (mchezo wa jamii ya besiboli, mpira hurushwa kwa kasi toka chini) hilo ni kosa. Gongo zito huchelewa, mpira ushapita. Tena mtoto huzoea kuangusha kiwiko cha nyuma ili alibebe, na tabia hiyo haitoki upesi.

Kupima urefu, aweke kitako cha gongo (mwisho wa mshikio) katikati ya kifua na kulilaza sambamba na mkono ulionyooshwa pembeni. Vidole viguse ncha tu. Kisha alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe mbele kwa sekunde 20 hivi. Mkono ukishuka, tafuta jepesi zaidi.

Ile namba -11 iliyoandikwa shingoni mwa gongo ni tofauti ya uzito na urefu: gongo la inchi 28 lina aunsi 17. Anayeanza apewe -11 au -12. Kipenyo cha sehemu nene kisizidi inchi 2¼. Magongo mengi ya besiboli ya watoto ni 2⅝, na mwamuzi atayakataa.

Alumini inatosha kabisa. Kompositi (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi) ni ghali na hupasuka kwenye baridi, hasa chini ya nyuzi 15. Ukinunua la mtumba, pitisha ukucha polepole kuzunguka sehemu nene: ukikwama kwenye ufa, au ukilitikisa likalia ndani, liache hapohapo. Mshikio uliochakaa usikutishe, hubadilishwa.

Wadau wa softiboli ya vijana