YAH: Fundi wenu kapasua kioo cha monita yangu halafu kaniandikia mimi kosa

Kwa Menejimenti,

Salamu. Naandika kwa adabu ila nimejizuia sana, naomba mlijue hilo. Masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, siyarudii hapa.

Monita ilikuwa inawaka, picha inakaa sekunde mbili inapotea, taa ya pawa inabaki inawaka. Ukizima taa za chumbani ukamulika kioo kwa tochi maandishi unayaona kwa mbali, maana yake kioo kizima, kilichokufa ni taa za nyuma au umeme unaozilisha. Niliwaambia kwenye simu, nikamwambia na fundi wenu mlangoni, akanijibu "kaka niachie kazi yangu".

Akailaza kifudifudi juu ya meza, hata kitambaa hakutandika, akachomeka bisibisi bapa kwenye ukingo wa fremu huku kiganja kinakandamiza mgongoni, tukasikia kaa! Kuigeuza, ufa kutoka kona mpaka katikati. Akaniangalia usoni akasema "hii nimeikuta hivi". Akaandika kwenye fomu uharibifu umefanywa na mteja, akanipa kalamu nisaini. Sikusaini.

Na kabla ya hapo alianza kufungua skrubu waya ukiwa bado kwenye soketi, mimi ndiye niliyechomoa, watoto wako palepale! Fundi mzima hajui kwamba kapasita kubwa (kile kipuri kinachohifadhi chaji) ya bodi ya pawa inaweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa? Na mfuniko ulipotoka kapasita zilizovimba vichwa nikaziona mwenyewe, vipuri vidogo vile, angebadilisha kwa zenye uwezo uleule wa kuhifadhi chaji na volti zisizopungua za zile za mwanzo, huenda saa hizi ningekuwa nafanya kazi zangu.

Kasitoma kea kazi yao kusema "fomu inasema ni mteja". Fomu! Basi nawarudishia tena labda mtaelewa: mama yangu mzazi alikuwa amekaa pale, kasikia ule mlio kama mimi, akamwambia kwa upole "mwanangu, si wote tumesikia?" Kijana wenu akacheka. Akamcheka mama yangu ndani ya nyumba yetu, halafu akainama akaandika ni mimi nimepasua. Kioo kinabadilishwa jamani, lile siwezi kulimeza.

Mwanzo nilitaka mnitengenezee tu. Sasa hapana, nataka monita mpya, ile fomu ifutwe, na mama aombwe radhi kwa maandishi, sio kwa simu. Mkikaa kimya wiki hii nitadai hela yangu yote nirudishiwe, na malalamiko nayapeleka kwa mamlaka ya kutetea walaji pamoja na risiti, fomu isiyo na saini yangu na picha nilizopiga. Mama yuko tayari kuwa shahidi.

Na mkituma mtu, yule asikanyage tena kwangu.

Mteja wenu