Daktari atuandikie mwendo kama anavyotuandikia vidonge

Mhariri,

Kila niendapo kliniki ya sukari hapa Lamu huulizwa yale yale: Vidonge umemeza? Miguu ina ganzi? Napimwa, nambari yaandikwa kitabuni, nachukua vidonge vyangu vya metformini. Mazoezi hutajwa nikiwa nishafika mlangoni: "Na ujaribu mazoezi, mama." Hapo mwengine ashaitwa.

Wauguzi siwalaumu, foleni naiona. Lakini neno la mlangoni halimwinui mtu kitini. Nimesomesha watoto miaka mingi. Ukimwambia mtoto "soma kwa bidii", hasomi. Mwambie ukurasa wa 12, leo jioni, na kesho nitakuuliza, utamkuta na kitabu.

Basi tuandikiwe. Shirika la Afya Duniani lapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule wa kukuongeza pumzi na bado waweza kuzungumza. Asiyezoea aandikiwe dakika 10 baada ya chakula cha usiku, maana ndipo sukari hupanda, na misuli ikifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mwili, ile homoni ya kushusha sukari, imelegea. Hili wagonjwa wengi hatujaelezwa kamwe! Miadi ijayo, kabla ya kidole kutobolewa, aulizwe: ulitembea?

Na anayeandika aujue mji. Mama wa rika langu usimwambie akakimbie uwanjani Mkunguni mbele ya baraza za wanaume. Mwambie atoke na majirani baada ya sala ya alfajiri, na mabuibui yao, washike njia ya ufuoni kuelekea Shela mpaka wachoke, kisha warudi. Anayeona haya hata hivyo ana ngazi za nyumba yake. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za kumtoa mtu jasho.

Dada yangu hudunga insulini, na yeye asikurupuke. Sukari yaweza kumshuka njiani, kwa hiyo apime kabla, abebe tende, na wa kufuatana naye ajue dalili zake. Avae viatu vya kufunika vidole, si ndara. Mguu wenye ganzi hukatwa na kigae usijue, mpaka kidonda kitunge usaha. Mambo haya ni ya muuguzi kuyaeleza akiwa ameketi.

Msaidizi tunaye tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba yenye kipimo cha sukari na cha presha. Wanabisha hodi milangoni mwetu. Wao ndio wa kuuliza habari za mwendo kati ya miadi na miadi, na kuwakutanisha majirani wanaoogopa kutoka peke yao.

Naiomba idara ya afya ya kaunti iongeze safu moja kwenye kitabu cha mgonjwa, kando ya sukari na presha: dakika za kutembea kwa wiki. Kalamu na rula zatosha kuanza kliniki ya mwezi ujao.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu