Gratin dauphinois sio viazi vya chizi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Jumapili iliyopita kwenye safu ya mapishi mmetoa gratin dauphinois, kile chakula cha viazi cha Kifaransa, halafu mkaandika kwamba maana yake ni viazi vya chizi, na kwenye mahitaji mkaweka chizi vikombe viwili. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na jikoni ndo ninakoshinda, hili limenikaa rohoni wiki nzima.

Dauphinois ni neno la kutaja mahali, yaani ya Dauphiné, jimbo la zamani kusini mashariki mwa Ufaransa, upande wa Grenoble na milima ya Alps, lilikuwa na mtawala wake aliyeitwa Dauphin mpaka 1349 likaingia mikononi mwa wafalme wa Ufaransa, ndo maana mrithi wa mfalme akawa anaitwa Dauphin. Na chakula chenyewe jina lake limeandikwa tangu Julai 1788, kwenye karamu ya viongozi wa mji wa Gap.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hilo neno gratin, kwa sababu Kiswahili tunalo lake kabisa. Limetokana na gratter, kukwangua, na maana yake ya mwanzo ni kile kilichoshika kwenye chombo mpaka ukikwangue. Jamani, si ni ukoko huo! Chizi haimo kabisa kwenye neno, ni vile watu wamezoea kuiona juu basi wakadhani gratin ndo chizi yenyewe.

Viazi vinakatwa vibichi, vyembamba kama milimita 3 hivi, na ukishakata usivioshe tena maana ile wanga inayotoka ndo inayofanya maziwa na krimu yawe mazito bila kuongeza kitu kingine. Chombo unakisugua kwanza na kitunguu saumu kilichokatwa katikati, unapaka siagi, unapanga viazi na chumvi, pilipili manga, kungumanga kidogo, unamwaga maziwa na krimu, unaingiza kwenye oveni ya moto mdogo zaidi ya saa nzima, na usiwe na haraka. Ukiona krimu ya pembeni imekauka imekuwa kahawia na ukipitisha kijiko pale kwenye kona kinakwaruza, krr, basi hapo gratin imepatikana, na hiyo kona mimi huwa simwachii mtu.

Najua kuna atakayesema mbona Escoffier, yule mpishi maarufu wa Kifaransa, aliweka chizi ya gruyère na mayai. Ni kweli aliweka, ila yeye alikuwa mtu wa mahoteli makubwa na kwao ni karibu na Nice, sio Dauphiné. Anayetaka chizi aende kwa majirani zao wa Savoie, wana gratin savoyard ya viazi, chizi ya kwao kama Beaufort, na supu ya nyama au kuku badala ya krimu. Ni tamu sana na ina jina lake, sioni kwa nini tuichukue tuibandike jina la watu wengine.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo mrekebishe, jina la Kifaransa libaki kama lilivyo na tafsiri iwe viazi vya ukoko vya Dauphiné, na vile vikombe viwili vya chizi mvifute.

Msomaji wenu